Barua kwa Hassani: kulivua gari jina la bondi

Ntinda, Kampala

Ndugu yangu Hassani,

Salaam aleikum, na hongera kwa gari. Picha ulizonitumia nimezitazama moja baada ya nyingine, na malalamiko yako nimeyaelewa. RAV4 nyeusi nzuri namna ile imegeuzwa bango. Jina la bondi, yaani lile duka la magari ya Japani lililokuuzia, lipo juu ya kioo cha nyuma, lipo kwenye nembo ya plastiki ya rangi ya fedha kwenye mlango wa nyuma, kwenye kifuniko cha tairi la spea, kwenye fremu za namba mbele na nyuma, mpaka kwenye madigadi, vile vizuia tope nyuma ya tairi. Wewe ulilipa pesa ya gari, hakuna aliyekulipa kulitangaza duka lake Arua nzima. Yote hayo yanatoka, na karibu yote utayatoa mwenyewe uani kwa vitu vya saluni na duka la dawa. Ila usianze kwa pupa. Baadhi ya vikaratasi vilivyobandikwa kwenye gari lile si tangazo hata kidogo, ni kumbukumbu za gari lenyewe, na ukishavikwangua huvipati tena.

Kwa hiyo kabla ya kubandua, soma. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo na ukingo wa mlango, kisha fungua boneti utazame upande wa ndani na mbele ya injini. Magari ya Japani mara nyingi huja na stika ndogo ya gereji au kituo cha mafuta cha kule, inayoonyesha oili ilibadilishwa lini na gari lilikuwa limetembea kilomita ngapi. Elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri, itakusomea. Mwaka ukiandikwa kwa hesabu ya Kijapani usibabaike: wa Heisei, ambao huandikwa pia kwa herufi H, jumlisha 1988, wa Reiwa, yaani R, jumlisha 2018. Heisei 28 ni 2016, Reiwa 3 ni 2021. Sasa linganisha na dashibodi. Stika ikisema kilomita 98,000 mwaka 2019 na dashibodi leo inasoma 71,000, mita imerudishwa nyuma, na hapo una neno la kuzungumza na muuzaji zito kuliko stika zake. Piga picha. Mimi stika hiyo ningeiacha palepale, haimkeri mtu. Injini yako inatumia cheni ya taimingi, lakini shemeji yako akinunua gari lenye mkanda wa taimingi, mwambie atafute kwenye injini stika ya kilomita ambazo mkanda huo ulibadilishwa kabla ya mwosha magari kuipitishia maji ya presha.

Stika ya upepo wa tairi kwenye nguzo ya dereva isiguswe, wala kibati cha namba ya chesisi, wala maonyo ya mifuko ya hewa, wala stika ya bima ya thedi pati kwenye kioo cha mbele. Kile kiduara cha Kijapani kwenye kioo cha nyuma kilikuwa cha kuthibitisha mwenye gari ana mahali pa kuegesha huko kwao. Hapa hakina kazi, kiondoe.

Nembo ya mlangoni ndiyo itakayokutia wasiwasi, ingawa ndiyo rahisi kuliko zote. Kwanza hakikisha imebandikwa tu, haikutobolewa. Nembo za maduka karibu zote hushikwa na utepe wa sponji wenye gundi pande mbili, lakini zipo zenye vijiti vinavyopenya bati. Jaribu kupitisha uzi nyuma yake pole pole: ukigonga kitu kigumu mahali pamoja pasipobadilika, ni kijiti. Hapo simama, kwa sababu ukiing'oa utabaki na tundu la kuingiza maji na kutu, na nembo mbaya ni afadhali kuliko tundu. Kama uzi unapenya, endelea.

Osha eneo lile kwa maji na sabuni, likauke. Mchanga ukibaki, ndio utakaochora rangi, si uzi. Kisha pasha moto. Draya ya saluni inatosha, uishike umbali wa sentimita 10 hadi 15 na usiitulize mahali pamoja. Dakika moja au mbili, mpaka bati liwe la moto lakini kiganja bado kinavumilia kukaa. Umeme ukikatika, kitambaa kilichochovywa maji ya moto kinafanya kazi hiyo hiyo, unakibadilisha kila kinapopoa. Na kwa gari jeusi, jua la Arua la saa saba linaweza kukutosha bila draya. Chukua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, urefu wa mkono, jifunge vitambaa vidoleni usije ukajikata, uupitishe nyuma ya nembo na uvute huku na huku kama msumeno, ukilaza uzi karibu na bati. Bisibisi na kisu viache sandukuni. Bati la mlango likibonyea, kulinyoosha ni gharama kubwa kuliko nembo ishirini.

Nembo itadondoka, sponji itabaki. Isugue kwa dole gumba ikiwa bado ina joto, itajikunja vipande vipande kama unga wa chapati unaotoka mikononi. Mabaki membamba yafute kwa spiriti ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, au kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini. Lowesha, subiri dakika mbili, futa, rudia. Kazi hii ya pili ifanye kivulini bati likiwa limepoa, maana juani spiriti hukauka kabla haijailainisha gundi, halafu mtu anaanza kusugua kwa hasira na ndipo rangi inapoumia. Mafuta ya taa huacha ute, kwa hiyo malizia kwa maji ya sabuni.

Thina usiiguse, hata fundi akuapie. Petroli nayo iache. Rangi ya kiwandani inaweza kuvumilia kwa dakika chache, lakini magari mengi ya bondi yamepulizwa upya sehemu hii au ile kuficha mikwaruzo ya safarini, na rangi iliyopulizwa hapa hulainika mara moja ikikutana na thina. Utaitambua kwa alama ndogo: vumbi la rangi kwenye raba za milango na madirisha, weusi usiolingana na wa mlango wa jirani, mistari ya msasa unapotazama kwa ubavu juani. Ukiona hayo kwenye mlango wa nyuma, tumia joto zaidi na nguvu kidogo, kwa sababu rangi hiyo inaweza kubanduka pamoja na gundi. Spiriti yenyewe ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kitambaa kikitoka cheusi, acha, tumia sabuni na subira.

Baada ya hapo utaona kivuli cha jina la bondi bado kimeandikika kwenye rangi. Watu wengi hukosea hapa. Wanadhani kivuli ni uchafu, wanakisugua mpaka wanakula klia, ile tabaka angavu ya juu ya rangi. Hassani, sehemu iliyokuwa chini ya nembo ndiyo nzima. Iliyofifia ni ile inayoizunguka, kwa jua na kuoshwa oshwa. Polishi laini ya kukatia, si ile ya kukwarua, uipake eneo pana la viganja viwili kuzunguka alama, kwa sponji, kwa mizunguko midogo, ukisogea polepole kutoka nje kuja ndani mpaka mng'ao ulingane. Kisha paka nta. Kwa kuwa gari halikuja na nembo hiyo kutoka Japani bali ilibandikwa Kampala juzi juzi tu, kivuli chako kitakuwa hafifu au kisiwepo. Ndiyo sababu nakuhimiza uifanye mwezi huu, wala si mwakani. Lakini ukipitisha ukucha na kuhisi kingo kama ngazi, hiyo si tofauti ya mng'ao tena, ni rangi iliyopulizwa kuizunguka nembo. Polishi haitaiondoa.

Kioo cha nyuma kina mtego mmoja tu: ile mistari myembamba ya rangi ya kahawia inayopasha kioo joto kuondoa ukungu. Imechapwa upande wa ndani, na mkwaruzo mmoja wa wembe ukiukata mstari, mstari huo umekufa. Kwa hiyo pitisha ukucha ujue stika iko nje au ndani. Ikiwa nje, mwaga maji ya sabuni, laza wembe mpya karibu na kioo, sukuma upande mmoja bila kurudi nyuma, na kioo kisikauke. Ikiwa ndani, wembe hauhusiki. Pasha moto kwa draya kutoka nje, inua kona moja kwa ukucha, vuta stika ukiikunja nyuma yenyewe, polepole, ukifuata mistari inakoelekea na si kuikata. Gundi inayobaki iloweshe kwa maji ya sabuni ya vuguvugu, uikwangue kwa kadi ya plastiki, kwa mfano kadi ya benki iliyokwisha muda. Na usimwagie kioo baridi maji yanayochemka, kitapasuka. Kama kioo kimewekwa tinti, tinti nayo iko ndani. Stika iliyobandikwa juu ya tinti itatoka na tinti yake, basi amua mapema kama uko tayari kuiweka upya.

Fremu za namba, tulia nazo. Magari ya Japani yametobolewa kwa ajili ya pleti yao, yaani kibao cha namba, ya milimita 330 kwa 165, yenye matundu mawili yaliyoachana milimita 210. Pleti yetu ndefu hailingani na matundu hayo, kwa hiyo bondi hufunga fremu yao kwenye gari, kisha pleti ndani ya fremu. Ukiitoa fremu bila kuwa na nyingine mkononi, pleti haina pa kushika. Nunua kwanza fremu nyeusi tupu soko la Kisekka hapa Kampala, ama nitakununulia nikutumie kwa basi. Bolti za nyuma kwa kawaida ni za milimita 6, spana namba 10. Weka mpya zisizoshika kutu za urefu wa milimita 20, uzipake grisi, na usizikaze kwa nguvu zote kwa sababu nati za ndani nyingine ni za plastiki. Mbele tazama vizuri: mafundi wengi hupiga skrubu moja kwa moja kwenye bampa, na tundu la plastiki likishalegea halishiki tena. Pleti nyeupe irudi mbele na ya njano nyuma, na fremu mpya isifunike hata ukingo wa herufi, trafiki wa njia ya Karuma hawakosi la kusema.

Hayo ni kwa pleti za zamani. Kama umepewa zile mpya za kidijitali zenye kifaa cha mawasiliano, usizifungue wala kuzipindisha. Hapo jina la bondi liondoe pembeni ya pleti tu: mara nyingi ni utepe uliobandikwa kwenye ukingo wa chini wa fremu, au wino unaofutika kwa spiriti. Likiwa limechongwa, lifunike kwa kipande cha stika nyeusi ya nje ya upana wa ukingo huo, ukiusafisha kwanza na kuukausha.

Kifuniko cha spea: sehemu iliyopakwa rangi itendee kama mlango. Sehemu ya plastiki nyeusi yenye vinyweleo ni nyingine kabisa, gundi hujificha ndani ya vinyweleo, kwa hiyo spiriti na mswaki wa meno, na polishi isiifikie kwani huacha weupe usiotoka. Madigadi usiyatoe moja kwa moja, barabara za murami, zile za changarawe, zitakumalizia rangi. Kama ni raba bapa, yafungue uyageuze jina litazame tairi, basi yamekwisha.

Shemeji akija bondi, asisubiri kubandua. Aseme kabla ya kumaliza kulipa, na iandikwe kwenye mkataba kwamba gari litolewe bila nembo, stika wala fremu zenye jina. Salio likiwa bado mfukoni mwake watakubali bila ubishi.

Nitumie picha ya karibu ya pleti, mbele na nyuma, ionyeshe bolti. Nikiziona nitajua fremu gani ya kukununulia, na Ijumaa itapanda basi la usiku.

Wasalimie mzee na mama watoto.

Ndugu yako,
Idi