Risala ya Wanachama wa Klabu ya Uhandisi kwa Mgeni wa Heshima kuhusu Majaribio ya Basi Lisilo na Dereva

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Waziri wa Kaunti anayesimamia barabara na uchukuzi, Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wawakilishi wa vyama vya matatu, tuktuk na bodaboda, wazazi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana: hamjambo?

Kwa niaba ya wanachama wote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi siku hii ya maonyesho. Tunajua kwamba ulialikwa uje utazame kigari chetu kinachojiendesha, na utakitazama baada ya risala hii. Hata hivyo, hatutakisifu sana, kwa kuwa tulijifunza mengi zaidi siku kilipogoma.

Kiligoma chini ya mwembe ulio karibu na jiko la chuo. Kamera yake ilikuwa imefunzwa kufuata mstari mweupe tulioupaka njiani, na asubuhi kilikwenda bila taabu. Ilipofika adhuhuri vivuli vya majani vilikuwa vimetapakaa juu ya mstari ule, upepo unavichezesha, nacho kikasimama kana kwamba kimewekewa ukuta. Mpishi aliyekuwa akipita na sufuria alikiambia, "Pita basi, baba," akangoja kidogo, kisha akakizunguka. Tulicheka, lakini tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza ni mambo mangapi barabarani yanayotatuliwa kwa maneno kama yale ya mpishi, na gari lisilo na dereva litayasikiaje.

Mheshimiwa, mabasi madogo yanayojiendesha yamekwisha kubeba abiria katika barabara za umma kwingineko. Mji wa Trikala nchini Ugiriki uliyajaribu kati ya 2015 na 2016 chini ya mradi wa Umoja wa Ulaya, katika njia ya takriban kilomita mbili na nusu, kwa mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa. Kabla ya basi la kwanza kuondoka, sheria ya nchi ilibidi irekebishwe, mabasi yakatengewa njia yao kwa kuondoa nafasi za kuegesha magari katikati ya mji, na watu wakawekwa katika chumba cha uangalizi ili waweze kuyasimamisha kutoka mbali. Tunalisema hili mapema kwa sababu picha zinazosambazwa huonyesha basi tu, na kazi iliyofanyika pembeni mwa barabara haipigwi picha.

Basi la aina hii hujijua lilipo kwa njia mbili kuu. Hupokea mawimbi ya setilaiti yaliyosahihishwa hadi kosa likawa la sentimita chache, na huzungusha miale ya leza inayopima umbali wa kila kilicho karibu, kisha hulinganisha linachokiona na ramani iliyochorwa awali kwa miale hiyo hiyo. Ukiielewa kazi hii utaelewa pia udhaifu wake: kituo cha jana kikihama, au nyasi za kando zikirefuka hadi kuingia njiani, ramani na barabara huacha kuafikiana, na basi husimama. Hapa Kisumu, ambako kibanda cha mahindi ya kuchoma huweza kuhama mara mbili kwa wiki na mvua ya alasiri hushuka kwa kishindo, ramani hiyo ingehitaji mtu wa kuitunza kila siku.

Mwaka 2016 katika mji wa Sion nchini Uswisi, basi dogo kama hilo liligusa mlango wa nyuma ulioachwa wazi wa gari lililoegeshwa. Hakuna aliyeumia, na huduma ilisitishwa kwa muda. Tukio la Las Vegas nchini Marekani, la tarehe 8 Novemba 2017, ndilo lililotuweka macho usiku. Siku hiyo hiyo huduma ilipozinduliwa, lori la mizigo lilikuwa likirudi nyuma kuingia uchochoro. Basi liliona lori, likasimama kama lilivyofundishwa, na likaendelea kusimama huku lori likizidi kulikaribia polepole hadi likaligusa. Wachunguzi wa Marekani walimtaja dereva wa lori kuwa chanzo, kwa kuwa alitarajia basi lisimame mbali vya kutosha. Lakini walitaja pia kwamba mhudumu aliyekuwa ndani hakuwa na kidhibiti cha mkono karibu naye, kilikuwa kimehifadhiwa kando.

Tuliposoma taarifa ile katika klabu, mwenzetu mmoja ambaye kaka yake ni makanga aliuliza swali ambalo ndilo kiini cha risala hii: kwani hapakuwa na mtu wa kupiga bodi? Kila aliyewahi kusimama steji anaijua ishara hiyo. Makanga hugonga ubavu wa gari mara moja, dereva husimama; hugonga mara mbili, gari huondoka; na lori likirudi nyuma vibaya, atashuka, atapunga mkono, atapiga mluzi na kumwita dereva wa lori "mkubwa" mpaka asikie.

Huko Columbus, Ohio, nchini Marekani, mnamo Februari 2020, basi likienda polepole lilifunga breki ghafla na abiria akateleza kutoka kitini hadi sakafuni. Wasimamizi wa usalama wa magari wakazuia mabasi ya aina hiyo kubeba abiria katika majimbo kumi, na dawa mojawapo iliyotolewa ikawa mikanda. Sisi Wakenya tumeagizwa mikanda kwenye matatu tangu 2004, ingawa yeyote aliyepanda gari jana anajua kwamba mikanda mingine siku hizi hufungia mizigo. Tunataja jambo hili kwa sababu kumkumbusha abiria ajifunge, kumshika mzee mkono anapopanda, na kujua kwamba mtoto hajakaa vizuri, ni kazi ambayo hakuna kihisi kilichopewa.

Hata jaribio kubwa zaidi tulilolisoma halikuondoa watu. Kuanzia Mei 2023 mabasi ya ukubwa wa kawaida yalisafirisha abiria kati ya Fife na Edinburgh nchini Uskoti, yakivuka daraja la Forth kwa mwendo wa hadi kilomita 80 kwa saa. Ndani yake alikuwamo dereva wa usalama tayari kushika usukani, pamoja na mhudumu wa pili wa kuzungumza na abiria. Dereva na makanga, Mheshimiwa! Huduma hiyo ilifungwa Februari 2025 kwa kuwa abiria hawakufikia idadi iliyotarajiwa, jambo linaloonyesha kwamba mashine inaweza kufanya kazi na njia bado ikakosa watu.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya Ulaya na Marekani. Tunawakumbusha kwamba tangu 2023 ndege ndogo zisizo na rubani zimekuwa zikipaa kutoka Chemelil, katika kaunti hii hii, zikipeleka damu na chanjo hospitalini. Lakini angani hakuna bodaboda. Tulisimama Kondele, hapa mjini Kisumu, siku tatu na daftari lenye safu za matatu, tuktuk, bodaboda, malori, baiskeli na waenda kwa miguu. Safu ya saba tuliiandika "mengineyo", nayo ilijaa kabla ya saa nne asubuhi kwa mikokoteni, ng'ombe na mtu mmoja aliyebeba mlango kichwani. Tuliona pia kwamba ni wachache waliopishana kwa kufuata alama za barabarani. Walipishana kwa kutazamana machoni, kwa honi fupi ya kuomba na ndefu ya kulaumu, na kwa mkono unaotolewa dirishani.

Hatusemi basi la aina hii lisijaribiwe. Kila mwaka kati ya 2021 na 2024 barabara za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,000, kundi kubwa zaidi likiwa la waenda kwa miguu, na chombo kisicholewa, kisichosinzia wala kushindania abiria kinastahili kupimwa. Tunachoomba ni namna ya kukipima.

Kwanza tunaomba jaribio lolote lianzie mahali palipofungwa, kama uwanja wa chuo hiki, na lisipelekwe katika mtaa wenye msongamano kabla ya kukaa msimu mzima wa mvua. Baada ya hapo tungependekeza Barabara ya Oginga Odinga, ambako njia za waenda kwa miguu zimepanuliwa.

Ombi la pili ndilo zito. Watakaokaa ndani ya basi wakiwa na kidhibiti mkononi, tunaomba watoke miongoni mwa madereva na makanga wa mji huu, nao walipwe mshahara badala ya kutegemea hesabu ya jioni. Chuo chetu kina karakana na walimu. Kikipewa mtaala na vifaa kitawafundisha upande wa umeme na programu, na wao watatufundisha sisi lugha ya Kondele, ambayo haijaandikwa popote. Wawakilishi wao wapo hapa leo na tulizungumza nao kabla ya kuandika. Hofu yao kubwa ni kwamba wataitwa siku ya uzinduzi kupiga makofi, kisha wasiitwe tena.

Kuhusu sheria tutakuwa wafupi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeandikwa ikimchukulia dereva kuwa mtu mwenye leseni. Tunaomba ofisi yako ianze mapema mazungumzo na Serikali Kuu kuhusu nani atabeba lawama na nani atalipa bima basi likigusa mtu, maana mama anayeuza samaki kando ya barabara hawezi kuambiwa akaidai programu.

Mwisho, klabu inahitaji kifaa kimoja cha kupimia umbali kwa leza. Bei yake imetushinda, nasi tumekuwa tukitumia vihisi vya sauti ambavyo havioni mbali.

Mheshimiwa, kigari kiko nje karibu na jiko. Baadhi yetu walitaka kukihamishia mahali pasipo na mti ili kisituaibishe mbele yako, lakini tumekiacha pale pale, na ikikaribia saa sita vivuli vitakuwa vimeufikia mstari. Tunakuomba uje ukione kikisimama.

Ahsante.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Uhandisi, Kisumu.