Mhariri, nyumba zetu za kale Iringa zinaisha

Mhariri, habari ya kazi. Juzi mtaani kwetu hapa Iringa wamebomoa nyumba ya zamani, ile ya matofali ya kuchoma, nimekuta fremu za madirisha za mninga zimerundikwa nje zinauzwa kuni, bado zina rangi ya kijani, roho imeniuma kwa kweli. Nikaikumbuka Hôtel-Dieu ya Lyon kule Ufaransa, iko kandokando ya mto Rhône, ukuta wake wa mbele unapita mita 300, aliyeuchora ni msanifu majengo Soufflot na ujenzi ukaanza 1741, yaani ilikuwa hospitali ya mji. Septemba 1944 kuba lake likaungua, na wala hawakusema basi tubomoe, wakalijenga upya! Hospitali ikafungwa 2010, sasa hivi ndani kuna hoteli na maduka ila ukuta ni uleule, sheria inaulinda.

Na sie si tunalo Boma, Wajerumani walilijenga kama hospitali ya jeshi, leo ni makumbusho, nimempeleka mwanangu akashangaa unene wa kuta. Sasa hizo nyingine je? Naomba wahusika waziorodheshe zote mapema, waanzie hata Miomboni.

Msomaji wenu, Iringa