Kijana wa Masasi, anza na breki ndio uje kwenye gari

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule kijana wa Masasi aliyeuliza achukue gari gani hela ya mnada wa korosho ikiingia, anataka sedani ndogo ya kifahari yenye mbio, Jumatatu mpaka Ijumaa aende nayo kazini na Jumapili akaikimbize kwenye treki, yaani uwanja wa mbio za magari. Hapa kijiweni kuna watu wamemcheka, eti kusini treki iko wapi. Mimi sijamcheka hata kidogo maana hiyo ndoto nimelala nayo na kuamka nayo miaka mingi, na gari zote nilizowahi kumiliki nimenunua kwa kuifuata hiyo hiyo.

Nianze na kilichonipata mimi. Miaka michache nyuma tulikuwa washkaji kama tisa hivi tukamwomba mzee mmoja eneo lake, uwanja wa zege mbele ya ghala, msimu ulikuwa umeisha hakuna mzigo, mzee akakubali. Tukapanga koni na ndoo za plastiki tumejaza mchanga, gari inaingia moja moja, mmoja ameshika simu anahesabu muda. Gari niliyokuwa nayo wakati ule sitaitaja jina kwa sababu kosa halikuwa la gari. Nilikuwa nimefunga pedi mpya na diski mpya, tairi nzuri, nikajiona nimekamilika. Raundi ya sita mfululizo, nakuja kwenye kona ya mwisho nakanyaga breki, pedali ikazama mpaka kwenye kapeti, laini kabisa kama nimekanyaga sifongo. Nikapampu mara mbili mara tatu ikashika kidogo, nikavuta hendibreki, gari ikaenda kujichomeka kwenye lundo la mchanga wa ujenzi pembeni ya ukuta. Mchanga ule ndio ulioniokoa, lundo lingekuwa la mawe leo nisingekuwa naandika barua.

Fundi alipofungua kikopo cha mafuta ya breki akayavuta kwa bomba la sindano, akalinyanyua tuone juani, meusi kama kahawa ya barazani. Akaniuliza yamebadilishwa lini mara ya mwisho, sikuwa na jibu, nilinunua gari ikiwa hivyo hivyo na mimi kazi yangu ilikuwa kuongezea tu. Ndipo nikaelewa kwamba mafuta ya breki yanafyonza maji kutoka hewani, na sisi huku Shangani bahari iko hapo tu, hewa yenyewe asubuhi unaishika mkononi. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, ikishakunywa maji kidogo tu, asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka mpaka 155. Kwenye safari ya kwenda sokoni hutajua maisha, breki hazifiki huko. Ukianza kukimbiza na kufunga breki kila baada ya sekunde chache joto linapanda, yale maji yanageuka mvuke ndani ya paipu, na mvuke unabanwa wakati mafuta hayabanwi, mguu wako unabana hewa gari inaendelea na safari yake. Chupa mbili za mafuta ya breki na saa moja ya fundi ndicho kitu nilichokuwa nimekiruka. Kila baada ya miaka miwili yamwagwe yote yawekwe mapya, na kabla ya siku ya kukimbiza uyaangalie tena.

Sasa gari zenyewe. Mdogo wangu, watu wengi watakutajia BMW 3 Series, ile ya E90 iliyotoka 2005, na kwa kweli kwa kuendesha hawajakosea. 325i ina injini ya silinda sita zimepangwa mstari mmoja, haina turbo, inasukuma tairi za nyuma, na uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, ndiyo maana ukiingia nayo kwenye kona pua inageuka bila kubishana na wewe. Niliwahi kuiendesha ya jamaa yangu kutoka Mikindani mpaka Mingoyo na ile siku sijaisahau. Ila ujue pampu yake ya maji ni ya umeme, haizungushwi na mkanda, ikifa inaweza kufa ghafla, na kwenye dashibodi hakuna mshale wa joto la maji, utaona taa tu ya njano halafu nyekundu. Wanaozifahamu hawasubiri, wanabadilisha pampu na thamostati pamoja kabla hazijaharibika. Hata stiki ya kupimia oili haina, unapimia kwenye kioo cha dashibodi, nimeshamwona fundi ameinama kwenye injini robo saa nzima anaitafuta hiyo stiki. Kwa hiyo kama una fundi mwenye mashine ya kupima gari za Kijerumani na una hela ya spea imelala pembeni, chukua, utaifurahia. Kama huna hivyo viwili isubiri kwanza.

Mercedes C-Class ya toleo la W204 ni tulivu, inakaa vizuri barabarani, lakini zile C180 na C200 za injini ya M271 lazima usikilize mnyororo wa taiming asubuhi injini ikiwa baridi, ukisikia makelele sekunde za mwanzo usiondoke nayo yadi. Audi A4 ina raha yake wakati wa mvua kwa ile kwatro yake ya kusukuma tairi zote nne, ila injini imekaa mbele sana, mbele ya ekseli, kwa hiyo kwenye kona za kukimbiza inataka kwenda moja kwa moja wakati wewe umeshakata usukani. Mimi hainipi raha.

Moyo wangu uko kwenye Toyota Altezza, ile RS200 ya gia sita za mkono, injini ya 3S-GE ya lita mbili iliyotengenezwa kwa msaada wa Yamaha, farasi 210 bila turbo. Mhandisi aliyeisimamia, Nobuaki Katayama, alishafanya kazi pia kwenye ile Corolla ya AE86 wanayoiimba watu wa drifti duniani kote, na nje ya Japani Altezza iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Tatizo ni umri, ziliisha kutengenezwa 2005, ukiagiza leo kodi ya uchakavu itakuchoma, na zilizopo nchini nyingi zimeshapita kwenye mikono mingi. Ukipata safi usiiache, ila kagua kwanza chini yote, bushi na boljointi, na uulize kama imewahi kugongwa.

Jibu langu kwako wewe wa Masasi ni Lexus IS 250, toleo lililofuata baada ya hiyo Altezza, au ndugu yake Toyota Mark X ya 250. Hizi mbili zina injini moja, V6 ya lita 2.5, ile 4GR-FSE, na nyingi zinasukuma tairi za nyuma. Mark X ni ndefu kidogo na ina fujo kidogo kwenye kona kuliko IS, lakini ziko mtaani kibao, fundi wa Masasi ameshaifungua, wa Lindi ameshaifungua, na spea ikikosekana Mtwara mjini ipo Dar kesho inapanda basi. Hii ya spea usiichukulie kirahisi. Mei 2024 baada ya mvua za kimbunga Hidaya barabara ya Dar ilikatika huko Kilwa, wenye gari mbovu walikaa wanaangalia gari, na gari ambayo spea yake lazima itoke mbali kwako sio gari ya kila siku. Ubaya wa 4GR ni kwamba inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli na masizi yanajijenga polepole, ikianza kutetemeka ikiwa imesimama inaunguruma, valvu zisafishwe, usikimbilie kubadilisha plagi tu. Na gia ni za oto, ukikimbiza raundi nyingi oili ya gia boksi inapata joto, raundi tatu pumzisha.

Halafu usije ukamaliza hela yote kwenye kununua. Bakisha kwanza ya tairi nne za aina moja, mafuta ya breki, pedi, rejeta isafishwe na maji yake yabadilishwe. Rimu kubwa na tairi nyembamba achana nazo, na springi usizikate, matuta yetu unayajua na ukishasugua bampa mara tatu utaichukia gari yako mwenyewe.

Hili la mwisho ni la kwako Mhariri na ndilo linaloniuma zaidi. Usiku hapa Mtwara tunasikia vijana wanashindana barabarani, na barabara ya Lindi ina vijiji vyenye kibao cha 50 ambapo watoto wanavuka kwenda shule alfajiri, mle ndani wanapita na 140. Kukemea peke yake hakutoshi maana hamu yenyewe haiishi, mimi nina watoto na bado ninayo. Huko Ujerumani treki ya Nürburgring, ile ndefu ya kilomita kama 20 iliyofunguliwa 1927, mtu wa kawaida analipa anaingia na gari yake ya kwendea kazini. Sisi hatuhitaji kilomita 20. Tunahitaji uwanja mmoja wa lami au zege, Jumapili moja kwa mwezi, koni, mitungi ya kuzimia moto, gari ya wagonjwa pembeni, helmeti, na gari moja moja ikishindana na saa. Halmashauri ichukue kiingilio. Trafiki waje, nao wakague breki kabla mtu hajaingia. Na kila mwenye gari asome karatasi ya bima yake kwanza maana bima nyingi hazilipi ajali ya mashindano.

Wale tisa bado tupo na ndoo zetu za mchanga bado tunazo. Kijana wa Masasi ukishanunua tutafute, ila uje na mafuta ya breki mapya, kikopo tutakifungua sisi wenyewe getini.

Msomaji wenu,
Shangani, Mtwara