Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Huduma Yetu ya Ambulansi na Majira ya Mvua, Bukavu

Ndugu wanachama, akina mama na akina baba,

Kwa niaba ya komite ninawaletea taarifa ya mwaka wa kazi unaomalizika, nami nitaitumia karibu yote kueleza namna tunavyoitayarisha ambulansi yetu na watu wake kwa mvua kubwa. Mambo mengine ya chama yamekwenda salama: vitabu vya hesabu vimekaguliwa na viko mezani kwa yeyote anayetaka kuvisoma.

Kwetu mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na mji huu uliojengwa milimani, kwenye kimo cha karibu mita 1,500, huipokea kwa shida. Huko Kadutu na Bagira nyumba zimepandana mlimani, mifereji imezibwa na takataka, na udongo wa mfinyanzi ukishashiba maji hauwezi tena kushika ukuta wala mti. Sote tunakumbuka mwezi wa Mei 2023, maji na matope yalipowakumba wenzetu wa Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, na kuua watu zaidi ya 400. Vijiji hivyo viko kando ya ziwa letu hilihili la Kivu, nasi kila mvua ya usiku inapozidi tunawafikiria walio chini ya miteremko yetu wenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka kueleza kwa nini komite haikuunga mkono pendekezo la kununua gari la pili. Waliolileta walikuwa na nia njema, na ninawashukuru. Lakini mvua kubwa inapopiga, kinachotukwamisha kwanza ni njia. Gari hufika mwisho wa barabara na kusimama, huku mgonjwa akiwa juu au chini ya ngazi za udongo, ng'ambo ya mfereji uliogeuka mto, na gari la pili lingesimama nyuma ya lile la kwanza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya michango yenu imekwenda kwenye machela za kukunja, kamba, viatu vya mpira, makoti ya mvua na taa za kichwani, na zaidi ya hayo kwenye mafunzo ya vikundi vya wabebaji mitaani, yaani vijana na akina mama wanaokijua kila kichochoro hata umeme unapokatika. Ninaamini kwa moyo wote kwamba huo ndio uamuzi bora tuliofanya mwaka huu.

Wabebaji hao wamefundishwa kwanza kutokimbilia matope. Mlima uliokwisha kuporomoka unaweza kuporomoka tena, kwa hiyo mmoja wao husimama mahali salama akiutazama mteremko wa juu na kupiga filimbi akiona nyufa mpya, miti inayoinama au maji yanayobubujika mahali yasipokuwepo. Wamefundishwa pia kwamba mtu ambaye miguu yake imebanwa na ukuta kwa muda mrefu asivutwe tu kwa pupa, hata akiwa anazungumza vizuri, kwa sababu misuli iliyopondeka huachia sumu ndani ya damu pale uzito unapoondolewa, na moyo unaweza kusimama ghafla. Muuguzi aitwe, na ikiwezekana dripu ianze kabla ya kumtoa.

Jambo ambalo wengi hawakulitarajia katika mafunzo ni baridi. Watu wa nchi za theluji hutayarisha ambulansi zao kwa baridi kila mwaka bila kuulizwa sababu. Sisi hudhani kwamba habari hiyo haituhusu kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Mtu aliyeloa usiku mzima mlimani hapa anaweza kupoozwa na baridi mpaka akafa. Maji huondoa joto mwilini haraka mara nyingi kuliko hewa, na joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hali huwa ya hatari. Kwa majeruhi hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa damu iliyopoa haigandi vizuri na jeraha huendelea kuvuja. Ndiyo maana tumenunua mablanketi mengi kuliko dawa. Nguo zilizoloa zivuliwe au zikatwe, mgonjwa akaushwe, afunikwe pamoja na kichwa, na awekewe kitu kikavu chini yake, kwa sababu ardhi nayo hunyonya joto. Asinyweshwe kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa nia ya kumpasha moto, maana pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi na joto hutoka upesi zaidi.

Kuhusu gari lenyewe, matairi, breki, betri na wipa hukaguliwa wakati wa kiangazi, kabla fundi hajaanza kuzidiwa na kazi. Dereva wetu amepewa agizo la kutovuka maji yanayokwenda kasi ikiwa haoni barabara chini yake: maji ya sentimita 30 yanaweza kulisukuma gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Naomba familia zisimlaumu akikataa kuvuka, kwani gari likienda na maji, wagonjwa wa siku zote zinazofuata hukosa msaada.

Bado hatujafanya vya kutosha kwa wanawake wajawazito. Mama anayeishi juu kabisa, akikaribia kujifungua katikati ya msimu, afadhali ashuke mapema akae kwa jamaa aliye karibu na barabara au kituo cha afya, kuliko kubebwa usiku juu ya ngazi zenye utelezi. Tunataka kila kikundi cha wabebaji kizungumze na familia hizo, kwa ridhaa yao na kwa heshima.

Komite inaomba mkutano upitishe mambo mawili: mchango wa mwaka ujao ulipwe wote kabla ya mwisho wa Julai, ili vifaa vinunuliwe kabla ya Septemba, na kila mtaa uteue nyumba moja kavu ya kutunzia machela na mablanketi, pamoja na mtu atakayeshika ufunguo wake usiku na mchana. Majina ya nyumba na ya watunza funguo yapelekwe kwa katibu.

Mwenyekiti