Malalamiko: jina letu la kikoa limesajiliwa kwa jina la kampuni yenu

Kwa Mkurugenzi,

YAH: KUSAJILI JINA LA KIKOA CHA MTEJA KWA JINA LENU NA KUZUIA LISIHAMISHWE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ushirika wetu wa wafugaji nyuki uliwalipa mtusajilie jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti na barua pepe zetu, la .com. Ankara yenu inasema "usajili wa jina la kikoa kwa mteja, mwaka 1". Lakini rekodi ya jina hilo, ambayo yeyote anaweza kuisoma kwenye lookup.icann.org, ukurasa wa ICANN (shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani), imeandika kampuni yenu mahali pa mwenye jina. Ushirika haumo popote.

Hili si kosa la kiuandishi. Kwa majina ya .com, haki zote humfuata aliyeandikwa kwenye rekodi, si aliyelipa. Huyo ndiye anayeweza kudai msimbo wa kuhamisha jina (nywila ya kulipeleka kwa kampuni nyingine), na ndiye anayetumiwa tahadhari za kuisha muda: moja kama mwezi mmoja kabla, nyingine kama wiki moja kabla, na ya mwisho ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Fundi wenu ametujibu kwamba tahadhari hizo zinaingia kwenye barua pepe ya ofisi yenu. Maana yake ni kwamba jina linaweza kufa bila sisi kupata hata mstari mmoja.

Zimebaki siku 38 muda uishe, ndiyo maana tunaandika kwa uzito huu. Muda ukipita, msajili (kampuni ambayo ninyi mnauza majina kwa niaba yake) anaweza kulishikilia jina hadi siku 45, lakini halazimiki kusubiri zote. Likifutwa linaingia kwenye siku 30 za kukomboa, ambapo gharama huwa kubwa mara kadhaa kuliko bei ya kawaida ya kulipia upya. Kisha siku 5 za kusubiri kuondolewa, ambapo hakuna anayeweza kuligusa, na baada ya hapo ni la atakayewahi. Jina letu halina kistari wala tarakimu. Lilichaguliwa hivyo ili mtu akilisikia redioni aliandike sawasawa mara ya kwanza, na limekwishachapwa kwenye lebo za chupa za asali. Jina la namna hiyo halibadilishwi kama namba ya simu.

Tulipoomba msimbo wa kuhamisha, mlijibu kwamba hutolewa baada ya kulipa "ada ya kuachia jina" shilingi 150,000. Ada hiyo haimo kwenye ankara wala kwenye masharti tuliyokubali. Aidha, kanuni za uhamisho za ICANN zinamtaka msajili atoe msimbo ndani ya siku 5 tangu mwenye jina aombe (na kwenye rekodi ni ninyi), na zinataja sababu zinazoruhusiwa za kukataa, kama vile deni la kipindi kilichopita, shaka ya udanganyifu au kesi inayoendelea. Kwamba mteja anaondoka si mojawapo. Hatudaiwi chochote, na siku 60 za mwanzo baada ya usajili, ambazo uhamisho huweza kuzuiwa, zilipita zamani.

Tunaomba kazi ifanyike kwa mpangilio ufuatao, kwa sababu mkianza vibaya mtaongeza tatizo. Kubadilisha mwenye jina huweza kuleta kufuli la siku 60 dhidi ya uhamisho, na siku hizo zitapita tarehe ya kuisha muda. Kwa hiyo, kabla ya kugusa rekodi, ulizeni kwa msajili mnayeuza majina kwa niaba yake kama anaruhusu kujiondoa kwenye kufuli hilo, na mchague kujiondoa. Hapo ndipo muandike jina la ushirika na barua pepe yetu, na pande zote mbili zithibitishe. Kisha ondoeni hali ya clientTransferProhibited, yaani alama kwenye rekodi inayozuia jina lisihamishwe, na mtupe msimbo. Ikiwa kujiondoa hakuwezekani, anzeni na msimbo. Mwenye jina atarekebishwa kwa msajili mpya. Uhamisho wenyewe huongeza mwaka 1, hivyo msitutoze kulipia upya kwenu.

Jambo la mwisho ni seva za majina, yaani kompyuta zinazoelekeza jina letu kwenye tovuti na barua pepe. Kuhamisha usajili hakubadilishi seva hizo, lakini mkizima akaunti yetu siku jina linapoondoka, tovuti na barua pepe vitakatika papo hapo. Tupeni nakala kamili ya rekodi za DNS, yaani maelekezo yaliyomo kwenye seva hizo: A (ya tovuti), MX (ya barua pepe), na TXT (za maandishi) zote, zikiwemo za SPF na DKIM zinazothibitisha mtumaji wa barua pepe, ambazo husahaulika mara nyingi na barua za wateja zikaishia kwenye taka. Punguzeni TTL (muda ambao rekodi hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya) hadi sekunde 300, na mziache seva zikijibu kwa siku 7 baada ya uhamisho.

Tunasubiri jina lirekebishwe na msimbo utolewe ndani ya siku 5 tangu mpokee barua hii. Zikipita, tutapeleka ankara, risiti, chapisho la rekodi na majibu yenu ya kudai ada kwa msajili wenu, kisha ICANN.

Katibu,
kwa niaba ya Bodi ya Ushirika