Saruji ya mwambao, bei ya Kigoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala yenu ya karibuni kuhusu viwanda vya bidhaa za madini yasiyo ya metali, yaani saruji, vigae, vioo na chokaa. Mwandishi alieleza vizuri jinsi uzalishaji unavyokua, lakini aliruka jambo ambalo sisi tunaouza vifaa vya ujenzi huku Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, hulikumbuka kila lori linapoegesha mlangoni, nalo ni umbali.

Saruji ni mzigo mzito usio na thamani kubwa kwa kilo. Kiwanda chake hufuata mawe ya chokaa, kwa kuwa ndiyo yanayochomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi hadi yawe klinka, yaani vipande vigumu kama kokoto, ambayo husagwa pamoja na jasi kuwa saruji. Ndiyo maana Wazo Hill, Dar es Salaam, kuna kiwanda tangu 1966, Tanga tangu 1980, na Mtwara tangu 2015, hicho cha mwisho kikiwa na uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Ukiacha Mbeya, matanuri makubwa yote yako mwambao au jirani nao. Vigae navyo vinatoka Mkuranga na Chalinze. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba nchi ina uwezo wa kuzalisha saruji nyingi kuliko inayohitaji, mteja wangu huuliza mbona mfuko haushuki bei, na sina jibu zaidi ya nauli.

Lori la tani 30 hubeba mifuko 600. Masika iliyopita tulifungua turubai tukakuta safu ya chini imelowa na mifuko kadhaa imeganda, ukiigonga inalia kama tofali. Hasara ile niliisambaza kwenye bei ya mifuko iliyobaki, na sioni sababu ya kuficha: aliyeilipa ni mama anayejenga vyumba viwili.

Sidai tanuri Kigoma, kwani tanuri ni mtaji mkubwa na linakula makaa ya mawe mengi. Ninachopendekeza ni kinu cha kusaga tu, kiletewe klinka kwa behewa kupitia reli ya kati, ambayo imefika hapa tangu 1914. Klinka haiharibiwi upesi na unyevu kama saruji iliyokwisha kusagwa, na umeme wa gridi ya taifa sasa tunao. Lakini mwekezaji hatakuja kama mabehewa ya mizigo hayana ratiba ya kuaminika, na hapo ndipo ningependa waandishi wenu wa uchumi waelekeze maswali yao, hasa kwa kuwa wanunuzi wa Burundi nao huchukua saruji katika bandari hii hii, wakiilipia nauli ile ile kabla haijapanda meli.

Wako,
Muuza vifaa vya ujenzi,
Kigoma