Kusaini fomu ya daivi siyo hirizi

Ndugu mhariri,

Naomba kanafasi, hili jambo limenikaa moyoni muda. Mi nafanya kazi kwenye boti za daivi, yaani kuzamia baharini na mitungi ya hewa, huku Nungwi, Zanzibar, na karibu kila asubuhi naona mchezo uleule, mgeni anapewa fomu mbili wenzie washapanda boti, anaambiwa weka hapana kote twende zetu, anaweka, anasaini, basi.

Sasa zile fomu ni vitu viwili mbalimbali. Ya kwanza ni ya afya, hii ya tangu 2020 ina maswali 10, na ukishapita miaka 45 tu inakupeleka ukurasa wa pili uulizwe habari za sigara, presha na kolestro, ukijibu ndiyo hata moja huko unatakiwa uje na saini ya daktari kabla hujagusa mtungi. Ya pili ndo ile ya kwamba likinipata la kunipata siidai senta ya daivi, na mabosi wengi wanaitegemea hiyo kama hirizi. Lakini Uingereza, ambako baadhi ya wageni wetu wanatoka, sheria tokea 1977 inasema biashara haiwezi kujivua lawama ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake, usaini usisaini. Na kumwambia mtu adanganye kuhusu pumu yake kama siyo uzembe basi sijui tuuite nini.

Maana pumu siyo kitu cha mchezo chini kule. Hewa uliyovuta ukiwa mita 10 ikifika juu inakuwa mara mbili, sasa kama njia zimebana na hewa haitoki, pafu linaweza kupasuka, na hapo tunazungumzia mita 10 tu ambazo watu wanaziona za watoto.

Mgeni nae hana udhuru jamani. Kashalipa, kashasafiri, anaona akisema ukweli atabaki ufukweni anapiga picha, kwa hiyo anaficha. Dawa yake mbona rahisi, fomu ya afya atumiwe kwa WhatsApp siku anapobuku, aonane na daktari wake hukohuko kwao, siyo kuja kutafuta daktari saa mbili asubuhi boti inangurumisha mashine.

Halafu kuna sisi tunaobeba mitungi na kuwatangulia wageni chini. Mwaka jana nilizama na mafua kwa sababu usipoingia majini hulipwi, nikatoka damu imejaa kwenye maski na sikio likaziba wiki nzima, siku zote hizo sijapata hata shilingi. Bosi akaniambia pole. Miaka yote niliyofanya kazi pale hakuna alonipa fomu ya afya wala kunipeleka kupimwa, mgeni wa siku moja anaulizwa kuhusu moyo wake, mi ninaezama kila siku siulizwi. Wanaotoa leseni za hizi senta waanze kuulizia na hilo wakija kukagua.

Ni mimi,
Mzamiaji, Nungwi